Joka Halijaniomba Kitu

Oulu, Januari. Jua limechungulia saa nne,
limeona theluji, limerudi zake.
Baba kaketi mbele ya skrini, soksi za sufu,
kahawa ya tatu,
na mfalme anamfokea tangu Novemba:
Shujaa, ufalme unateketea!

Baba hana habari naye. Anasoma orodha
pembeni, kushoto, kwa herufi ndogo:

Ndoo ya mjane wa kisimani. Bado.
Barua ya msaga ngano kwa nduguye. Bado.
Mbuzi watatu; wawili wameonekana.

Miaka thelathini na minne kiwanda cha karatasi
alitembea na daftari mfuko wa kifuani:
valvu ya saba inavuja,
beringi ya chini haina grisi.
Wakubwa walihutubia kuhusu soko la dunia.
Karatasi ilitoka kwa sababu ya grisi.

Mchezo wa kwanza niliomletea haukuwa na orodha.
Pangoni alimkuta mtoto mwenye taa,
akamwambia: ningoje, naleta kamba.
Kisha vita, kisha ngome, kisha upasuaji wa goti,
kisha mama.
Baridi tatu zikapita.
Siku moja, akitafuta njia nyingine kabisa,
akaingia mle ndani:
mtoto kasimama palepale, taa mkononi,
hajarefuka hata inchi.
Umeileta?

Baba alizima mashine. Akatoka kupasua kuni
ambazo hatukuzihitaji.

Wapo wasemao orodha huua ugunduzi,
kwamba msafiri wa kweli hupotea.
Labda. Nami nilisema hivyo
nilipokuwa na miaka kumi na tisa
na sidaiwi na mtu.
Ulimi ni mwepesi, kichwa huvuja kama ile valvu,
na ahadi ni deni
hata kwa mtu aliyefumwa kwa nukta za rangi,
asiyeweza kukufuata
wala kukugongea mlango.

Jana usiku nilimwuliza: Baba, na joka je?
Hakugeuka.
"Joka halijaniomba kitu," akasema,
macho yake kwenye kichaka
ambako kitu cheupe kilitikisa mkia.
Tatu kati ya tatu. Orodha ikafupika mstari mmoja.
Akanywa kahawa iliyokwisha poa,
kisha akaniuliza, Ilmari,
kama nimeshampigia simu shangazi Hilkka.