Maji ya Kunde

Simu ya kwanza niliirudisha Jumatatu.
Nyeupe yake ilikuwa na samli ndani,
kama shuka la wageni lililokaa sandukuni
miaka, likingoja wageni.
Rodel wa dukani, Mtaa wa Portage,
akaiweka kando ya yake, akafinya jicho moja.
"Ina joto kidogo tu," akasema. "Wengine wanaipenda hivyo."
Nje, Winnipeg nzima, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Joto gani, Rodel.

Ya pili ilikuwa na waridi upande wa kulia,
pale kidole gumba kinapokaa,
haya kidogo, kama mtu aliyenong'onezwa neno.
Nikaikagua usiku, taa zimezimwa,
ukurasa mtupu ukinitazama nami nikiutazama,
hata mke wangu akageukia ukuta:
"Mtu mzima na ndevu zake, anakesha akitazama weupe."

Ya tatu nikaitoa nje kabla ya kulipa.
Nilisema moyoni: theluji haidanganyi,
hiyo ndiyo nyeupe pe, mwalimu wa nyeupe zote.
Nikaiinua mbele ya lundo la kituo cha basi.
Na theluji, jamani,
kivulini ilikuwa samawati,
chini ya taa ya barabarani ilikuwa chai ya maziwa,
palipopita mbwa sisemi.
Nikasimama pale, vidole vimekufa ganzi,
sina tena cha kupimia.

Sikuwa nadai anasa, Rodel, nataka ujue.
Kwetu rangi hukaa ndani ya vitu:
kijani kina jani lake, kijivu kina jivu lake,
damu ya mzee ni kanga ya dada yangu Mwanaidi,
na mama yangu ni maji ya kunde.
Si mweusi, si mweupe. Maji ya kunde,
yale yanayobaki sufuriani kunde zikishaiva,
ukiyainua kwenye mwanga yanashika wekundu kwa ndani.
Hiyo tu ndiyo rangi niliyokuwa naitafuta kiooni.
Kila Ijumaa akipiga kutoka Korogwe alitokea manjano,
manjano usoni, manjano kiganjani,
manjano hata pale pasipo na ngozi,
penye ute wa jicho.

Ijumaa hii nikazima kinga ya macho ya usiku.
Nikasogeza kitufe kutoka joto kwenda baridi,
kidogo, kidogo tena, mpaka mwisho wa mstari,
mpaka picha ya harusi yetu
ikawa ya watu waliozama.
Mama akabaki vilevile.
Na nyuma yake ukuta wa chokaa,
aliouparuza na kuupaka Mwanaidi wakati wa Idi,
ulikuwa mweupe.
Bila samli, bila waridi.
Mweupe wa haki.

Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, ghala la nyama,
saa tisa ndani ya friza, na nyumbani
hita imekufa tangu Jumatano.
Yeye ndiye aliyeanza:
"Mbona leo umekuwa wa buluu, mwanangu?
Hiyo midomo. Baridi ya huko inakula watu?"

"Ni simu, mama. Simu za huku ndivyo zilivyo."

Akacheka. Akavuta mtandio mpaka kwenye nyusi,
akarudisha kiti nyuma, mbali na dirisha.
"Basi na mimi ni simu," akasema.
"Na mimi ni simu tu."