Muhtasari wa Kikao cha Februari

Waliohudhuria: ishirini na wanane.
Waliotoa udhuru: Ülo, mguu; Maret, mjukuu.
Mahali: ukumbi wa juu wa shule ya muziki, Tartu,
theluji imepanda hadi kingo za madirisha,
makoti yetu tumeyarundika juu ya piano,
sisi warekebishaji, tunaokataza watu kuweka hata kikombe.

Mimi ndiye mwandishi. Mwaka wa kumi na tisa huu.
Kalamu yangu inavijua viti:
Raivo Lepik mbele, upande wa dirishani,
Vambola ubavuni pake, hucheka kabla Raivo hajamaliza,
halafu wengine, kwa daraja la mvi.

Ajenda ya tatu: piano za mashuleni zinazopotoka sauti.
Akasimama mtu nyuma kabisa, karibu na mlango,
Heldi Kõiv, wa Võru, mwaka wa pili tangu apate cheti,
sauti imeshuka kidogo tu,
kama waya uliolegea robo ya mzunguko.
Akasema: si nyaya, wala si vigingi.
Ni mabomba mapya ya joto.
Hewa imekauka, ubao unasinyaa kama gaga la kisigino.
Nimeweka gudulia la maji chini ya kila piano,
shule kumi na moja, nikapima kila Jumatatu.
Namba hizi hapa.

Akanyoosha karatasi.
Karatasi ikabaki hewani.
Mtu akauliza kama kahawa imeiva.

Nikaandika: "Mjumbe alichangia."

Baada ya kahawa Raivo akapangusa makombo ya mkate mweusi,
akasema taratibu, kama anayeota:
"Nashuku ni ukavu. Bibi yangu angeweka maji."

Angeweka!
Ukumbi ukalipuka. Vambola akapiga meza hadi vijiko vikaruka.
Nikaandika jina zima, cheo, maneno yake neno kwa neno,
nikapiga mstari chini kwa rula,
na wino haujakauka, nilikuwa nimeshapiga makofi,
mimi niliyekuwa na maneno ya Heldi
mistari sita juu, ukurasa uleule,
yamelala ndani ya neno moja: alichangia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tulimwambia njoo, lipa ada, kaa pale,
tukaendelea kuugua.

Sitamwita Raivo mwizi. Sikio lake la kushoto limekufa
tangu enzi za jeshi, na Heldi alikuwa kushoto.
Nimemtafuta mwizi wa jambo hili usiku mwingi,
kila nikimkaribia
ananukia wino.

Machi nikatumwa Rõuge, shule ya vyumba vinne.
Nilifungua mkoba, nikagonga la, nikagonga tena.
Safi. Hapakuwa na kazi ya kufanya.
Nikapiga magoti: gudulia la matango,
lebo bado inasema matango,
na kando yake mistari ya penseli, tarehe kwa tarehe,
maji yalipofika, maji yaliposhuka.
Mtoto mmoja akaingia na birika, akanitazama,
akanisukuma kidogo kwa goti, akajaza.
"Leo Jumatatu," akasema.

Aprili, chini ya Yatokanayo,
nilisoma sahihisho langu kwa sauti iliyotetemeka:
kwamba hoja ya maji ilitolewa na Kõiv, kabla ya kahawa.
Raivo akageuza sikio zima. "Nani?"
Nikarudia.
Akatikisa kichwa polepole, akatazama nyuma, kwenye mlango.
Vambola akapendekeza tuandike "Lepik na wenzake",
ili tusivuruge kilichokwisha pitishwa.
Mikono ikanyooka. Nikaihesabu, ndiyo kazi yangu.
Ishirini na mmoja.
Wa Raivo haukuwemo.

Kiti cha karibu na mlango kilikuwa na makoti.

Waliokosa bila udhuru: Kõiv, H.