Msoma Mita wa Ruwi

Mtaa huu nimeujua kwa mgongo wake,
kwa vichochoro vya mabomba na paka,
maana mita hazikai mbele ya nyumba.
Wengine huyataja majengo kwa vibao,
mimi kwa namba,
kama tabibu wa zamani alivyomjua mgonjwa
kwa mkojo wake.

Mwaka wa sabini na tano, nilipopewa kofia na daftari,
palikuwa na changarawe, bonde kavu,
na jengo moja tu la ghorofa, la Muhenna,
lenye rangi ya maziwa yaliyolala.
Mita yake ilisoma sifuri, sifuri, nne.
Taa tatu na feni.
Jioni watu walisimama chini kutazama dirisha likiwaka.

Mimi nilirudi nisikotoka.
Babu alizaliwa huku, mimi Wete,
na Kiarabu changu, walisema, kina nazi.
Muhenna alinikalisha ngazini
akanisahihisha herufi ya ʿayn, mara tano, mara sita,
kahawa ikapoa,
nami nyumba tisa sijazisoma.

Jengo la pili lilichorwa na bwana mmoja wa Beiruti
ambaye hakuwahi kufika kiwanjani.
Roshani zote akazielekeza mlimani,
akidhani bahari iko huko.
Miaka arubaini wapangaji wameanika nguo
mbele ya mawe.

La tatu: chini Govindan na cherehani zake nne,
juu studio ya Dadkarim, Mbaluchi,
mwenye pazia la maporomoko ya maji.
Mimi na Zeyana tumepigwa pale,
tumekauka kwa haya,
mto unatumwagikia mabegani
na hatuloi.

Kisha vikaja viyoyozi.
Kile kisahani cha mita, kilichokuwa kikizunguka
kama mzee anayevuta uradi,
kikakimbia kama mtoto aliyetumwa dukani akaachiwa chenji.
Mabenki. Dhahabu. Vioo vya rangi ya moshi.
Daftari langu likanenepa, nami nikanenepa.

Mwaka wa tufani bonde lilikumbuka njia yake.
Sisi tuliita mtaa, maji yaliita kitanda.
Yalipopungua nilikwangua tope kwa kadi ya kazi:
mita zote za upande wa magharibi
zimesimama saa moja,
na cherehani moja ya Govindan
tuliikuta msikitini, safu ya mbele.

Baada ya hapo wenye nyumba walihama kimyakimya,
kwenye vitongoji vyenye bustani.
Benki ikawa duka la makava ya simu.
Muhenna alizikwa; mjukuu wake akasema
ardhi ina thamani kuliko kilichosimama juu yake,
na kwa hesabu, hakukosea.

Wiki yangu ya mwisho kazini nikatumwa
kuandika namba ya mwisho ya jengo lile la kwanza.
Milango imeng'olewa. Nyaya zimeuzwa shaba.
Lakini kisahani kilizunguka.
Polepole. Kinasita, kinaendelea.

Nikapanda ghorofa nne kwa magoti haya.
Chumba cha mwisho, mlinzi, Shofiq wa Chitagong,
waya umeunganishwa kwa plasta ya kidonda,
jiko la umeme, sufuria ya wali,
balbu moja.
"Umeme huu wa nani?" nikauliza, kwa sauti ya serikali.
Akasogeza sinia.
"Kaa," akasema.

Nikakaa.
Wali ulikuwa na chumvi nyingi.
Dirishani nikaona chini mtu amesimama,
kijana wa makava, anatazama juu
kwenye jengo lililokufa lenye dirisha linalowaka.

Namba niliyoiandika ilikuwa ya mwezi uliopita.
Miaka thelathini na nane, na uongo huo mmoja:
uniti kumi na moja.
Jumamosi walilivunja, kwa asubuhi moja tu.
Shofiq sijui alikokwenda.
Zeyana huniuliza usiku nahesabu nini.