Nane kwa Inchi

Nasema uzi, lakini si wa sindano.
Huu umechongwa kwenye chuma, unazunguka mhimili
wa mashine ya kukerezea mbao aliyoniachia mjomba Lovrenc
pamoja na kibanda, deni la kuni, na paka.
Karatasi hakuacha hata moja.

Ribnica, Februari. Theluji imefika kwenye kitasa.
Nataka kisahani cha kushikia bakuli, nataka vibanio vitatu,
na dukani Ljubljana kisahani kimoja cha chuma
kinauzwa bei ya buti za baridi.
Basi nitajitengenezea, nikasema, kwa mti wa gaber,
mgumu kama jibu la karani.
Ninachohitaji ni kikata hesi kimoja tu.

Kimoja tu! Kipi?

Nilipima kwa jicho. Jicho langu lina miaka hamsini na sita
na halijawahi kukiri kosa.
Likasema: ishirini na saba, hatua ya milimita tatu.
Nikanunua. Nikatoboa, nikakata hesi, nikapuliza vumbi,
nikakivisha kipande changu kwenye mhimili.
Mzunguko wa kwanza, laini. Wa pili, laini.
Wa tatu ukaguna.
Wa nne ukagoma kama punda kwenye daraja.
Na hata pale kilipokwama kilichezacheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Štefka wa nyumba ya pili,
miaka thelathini kiwanda cha mabomba,
hakucheka. Alitoa rula ya babake, akaigeuza upande wa inchi,
akailaza juu ya meno ya mhimili
na kuhesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikienda kama anasali:
nane.
"Hii ni ya Waingereza," akasema. "Mjomba wako
alikuwa akinunua chakavu Trieste.
Umemvisha mtu shati la jirani yake."

Ndipo nikajifunza kuuliza kabla ya kufungua pochi.
Kipenyo gani? Meno mangapi kwa inchi?
Yanafungia kulia au kushoto?
Chuma cha kaboni, au kile ghali cha viwandani?
(Kaboni. Mbao haitakichosha kabla mimi sijachoka.)
Chenye ncha nyembamba, kiingiacho kwa adabu,
au butu, kinachofika mpaka sakafu ya tundu?
Kibanio hutoboka upande hadi upande, kwa hiyo ncha yatosha.
Kisahani kilichozibwa nyuma hudai vyote viwili,
na pesa ilikuwa ya kimoja.
Nikachukua chenye ncha, nikaamua
visahani vyangu vyote vitakuwa na vitovu.

Kilifika kwa posta siku ya kumi na moja,
kimeviringishwa katika karatasi yenye grisi.
Tundu la milimita ishirini na mbili. Mafuta ya kitani.
Nusu mzunguko mbele, robo nyuma,
unga upate pa kutokea.
Mbao ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayeamka bila kupenda.
Nilipokivisha kikapanda, kikapanda,
kikagonga bega la mhimili: tok.
Nikasukuma kwa kiganja. Kikazunguka.
Hakikuyumba.
Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakizungusha tena
bila sababu yoyote.

Kile cha ishirini na saba kipo rafuni bado.
Štefka anasema nikiuze. Sikiuzi,
nimekilipia kunikumbusha.
Na ubavuni mwa mashine, kwa rangi ya madirisha iliyobaki,
nimeandika kwa herufi kubwa, mbaya:
INCHI MOJA, MENO NANE.
Dakika moja, mjomba. Ingekugharimu dakika moja.

Paka alijipangusa pale kabla rangi haijakauka.
Nane sasa ina mkia.