Anwani ya Kudumu

Shule ya kwanza ina neno "Kimataifa" ukutani,
rangi yake bado mbichi. Chini yake,
jua likipiga, yasomeka "Chekechea ya Mama Roida".
Basi lao la kijani hupanda Mwanga saa kumi na mbili na nusu
likikusanya watoto wa mahakimu, wa wauza mafuta,
na wa sisi tuliokuja kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja.
Mkuu wa shule, mtu wa Machakos, alinipa kiti
akanisomea ada kwa dola, taratibu,
kama daktari anayesoma majibu ya damu.
Kompyuta kumi na mbili, alisema. Nikaziona:
zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya wageni.

Nikauliza: na Kiswahili?
Akacheka. Akanionyesha kibao chenye kamba.
Anayekamatwa akikisema hukivaa shingoni mpaka jioni.

Usiku nikamtazama Sangwa amelala.
Tangu tufike nimemsikia akijinyoosha ulimi:
alikuja akisema batoto, bitabu,
wenzake wa mtaani wakamcheka mpaka akakataa kula,
akajifunza watoto, vitabu,
akarudi kunisahihisha mimi, mamaye,
mbele ya muuza migebuka.
Leo nimlipe mtu dola
amvike kibao kwa hicho hicho alichokitolea machozi?

Ya pili iko Bujumbura. Ya Kifaransa, ya bweni.
Baba yao ndiyo anayoitaka. Hupiga simu kutoka Kalemie,
mtandao ukikatika katikati ya neno:
"Wakirudi nyumbani watasomaje? Nani atawa—"
Ana haki. Diploma yake na yangu zote ni za Kifaransa,
na pesa bado tunazihesabu kwa Kifaransa, kimoyomoyo.
Lakini Kyungu ana miaka sita,
hulala ameshika sikio langu.
Siwezi kupakia sikio kwenye sanduku la bati
nikalivusha Manyovu.

Ya tatu haina kipeperushi.
Iko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mfereji:
watoto tisini na saba, mwalimu mmoja, Nyamwiza,
sauti yake hufika jikoni kwangu kabla chai haijachemka.
Wanne wa Mama Bitegeko wamepita pale.
"Mmoja ni mhandisi," alisema, akipepeta maharage,
"mmoja yuko jela. Darasa lile lile, dawati lile lile."
Akapuliza makapi. Hakuongeza neno.

Fomu nikaijazia mezani, taa ikiwaka na kuzima.
Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Chanjo.
Lugha ya nyumbani: wameacha nafasi ya neno moja.
Anwani ya kudumu.

Hapo kalamu ilisimama.
Kibali changu cha ukaazi kinaisha Machi, mkataba Juni.
Nyumba ya Kalemie, ziwa limeipandia mpaka kizingitini,
baba yao analala chumba cha nyuma na magunia ya saruji.
Ukisimama getini pa shule ya kwanza, mvua ikishasafisha hewa,
milima ya ng'ambo huonekana, mstari mwembamba,
kana kwamba mtu alianza kuandika
akaitwa.

Nikaacha wazi.
Mkuu hakuuliza. Aliuliza risiti ya benki.
Muhula mmoja, nikamwambia, wote wawili.
Na siku utakayomvika mwanangu kile kibao
nitengenezee na mimi changu;
nitakaa nacho hapo getini, nikiwasalimu wazazi wenzangu
kwa Kiswahili, mmoja mmoja, jina kwa jina.
Akakitia kibao kwenye droo.
Sikusikia ufunguo.

Jana sokoni fundi Hamimu alipima sketi ya Sangwa,
pini mdomoni, chaki sikioni.
Kitambaa kimezidi, mama. Nikate wapi?
Nikaikumbuka Juni.
Usikate, nikamwambia. Kunja.
Acha upindo wa vidole vinne.