Sentensi ya Panya

Simu ni yangu, ila tangu Juni
haikai tena mfukoni mwangu.
Nikianza kukusanya spana, jua likishuka Ngamiani,
Mwantumu huja, huichukua bila hodi,
hufuta kioo chake kwa upindo wa sare,
hukaa juu ya tairi lililokufa
na kuandika.

Hakuna kengele. Hakuna wa kumwambia
wenzako wamekwisha, wewe tu.
Somo linamngoja kama mteja muungwana
asiyegonga meza.
Jana lilingoja hadi vyombo vikaoshwa.
Juzi bando lilikatika katikati ya neno:
"maji" ikabaki peke yake siku mbili,
na "vuno" ikaja Jumatano,
nilipolipwa ile breki.

Mwalimu mwenyewe hatujamwona.
Nakijwa, ndivyo anavyotia saini.
Labda yuko Same, labda Dodoma,
labda naye husahihisha huku maharage yakiungua.
Majibu yake huja asubuhi, hayana wino mwekundu:

*Umeandika sokoni kulikuwa kuzuri.
Mimi Mgandini sijafika.
Nipeleke. Kulikuwa kunanuka nini?*

Mtoto akaguna. Akafuta.
Akaandika: kulinuka ng'onda na maembe yaliyochoka.

*Hapo nimefika. Na sikio lako lilikuwa wapi?*

Akafuta tena. Mara ya tatu. Ya nne.
Nikasema moyoni, mama huyu anamchezea mwanangu,
pancha moja haizibwi mara nne.

Halafu nikaishika ringi ya Semgaya, imepinda kama kaukau.
Unakaza spoki hii, unalegeza ile,
unazungusha, unachungulia, unakaza robo,
unazungusha.
Mteja anakuona mvivu.

Sikumwambia mtu.

Mimi niliachia darasa la tano.
Daftari langu la madeni lina lugha yake:
*Semgaya ringi. Mama Zuhura pedeli 2. Yule kijana mrefu, bado.*
Lakini usiku mmoja, nyumba nzima imelala,
nikalifungua somo la mtoto kama mwizi wa sukari.
*Eleza kitu unachokijua kuliko jirani yako.*

Vidole hivi vinagonga herufi mbili kwa pamoja.
Nikaandika juu ya mnyororo,
namna unavyolia siku tatu kabla haujakatika,
sauti ndogo, kama panya anayeomba radhi.
Nikatuma.
Nikajuta papo hapo,
na kilichokwisha kwenda hakikimbizwi kwa baiskeli.

Asubuhi:

*Mwantumu, leo tahajia yako imerudi nyuma.
Bairiskeli si neno. Nukta zote umeziacha nyumbani.
Ila sentensi ya panya nimeisoma mara mbili,
kisha nikamsomea mume wangu.
Umeitoa wapi?*

Aliisoma kwa sauti, uji unapoa.
Akaisoma tena, polepole.
Akanitazama vidole, grisi iliyogoma kwenye kucha.
Hakucheka.
Haya, alicheka, lakini kwa pua tu.

Nilitaka kusema simu ilijibonyeza.
Nilitaka kusema mengi.
Yeye akasogea, akaniachia nusu ya tairi.
"Mjibu mwenyewe, baba. Mwambie ni wewe.
Anza na jina. Herufi kubwa."

Nikaitafuta M, nikaipata,
nikaandika Mhina, nikakaa nikilitazama jina langu
likiwaka pale peke yake
kama taa ya nyuma ya baiskeli.

"Sasa nukta?"
"Nukta ya nini, hujasema kitu."

Mteja wa kwanza alikuwa amesimama, baiskeli begani,
anatazama saa, anatazama spana zangu chini.
Nikamwambia angoje kidogo.
Nilikuwa natafuta neno la ule mlio,
maana panya, nilipomfikiria upya,
hakuwa sawasawa.