Kiwanja Nilichokikataa

Punguza mwendo, Mayya, mjukuu wangu,
hapo mbele, kabla ya duka la saa.
Waliona lile jumba lenye maua ya zambarau
yaliyomwagika ukutani? Geti jeusi, kamera mbili?
Hapo ndipo nilipopewa ardhi mwaka sabini na sita
nami nikasema: ahsante, sitaki.

Usicheke. Bibi yako hakucheka.

Karani alikuwa Hilali bin Sleyum, mtu wa Samail,
kalamu ya risasi sikioni, kikombe cha kahawa juu ya ramani.
Akagonga kidole: mia na kumi na nane.
Nikaja kukitazama kwa miguu, suruali nimeikunja.
Matope. Mbu. Kaa wakinikodolea macho kama wadai.
Na miti, miti imesimama majini,
mizizi imechomoza kama vidole vya watu waliozama.
Mimi mtoto wa Ng'ambo, niliyehesabu boriti za Rufiji
korija kwa korija kwenye bohari la baba,
nikautambua mara moja: mchu!
Mti wa kuni. Hata boriti hautoi.
Nikarudi nikamwambia Hilali, nipe kwingine, pakavu.

Nani angejua? Qurum maana yake ndiyo hiyo miti.
Mji wa matajiri umejitwika jina la matope
na jina halijawachafua.

Sasa tazama. Bustani ya mawaridi, maji ya kurushwa angani,
kahawa ya riali mbili na povu lenye umbo la moyo.
Ile marumaru nyeupe kule ni jumba la opera;
tuliingia mara moja, mimi na kilemba changu cha harusi.
Mwanamke alichomwa kisu akaimba robo saa nzima.
Bibi yako akaninong'oneza:
"Si afe tu, twende tukale."

Na kule juu, Rasi al-Hamra, penye nyumba za watu wa mafuta,
wachimbaji walikuta makaburi ya kabla ya piramidi:
wavuvi wamejikunja kama watoto usingizini,
magamba ya pwani wamelazwa nayo.
Hao ndio wakazi wa kwanza wa mtaa huu.
Sidhani kama Hilali aliwaandikia hati.

Elfu mbili na saba kikaja kimbunga.
Bonde likakumbuka njia yake ya zamani,
maji yakaingia maduka ya dhahabu bila kubisha hodi,
magari yenye viti vya ngozi yakaelea kama vifuu.
Nikampigia bibi yako, alikuwa kwa shangazi yako, Nizwa:
"Waona? Waona sasa?"
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimeingoja simu ile.
Akanyamaza kidogo. Kisha:
"Maji yatatoka, Nasibu. Kiwanja hakitatoka."

Ngoja, geti linafunguka.
Binti ametoka na mfuko wa taka, kanga kiunoni.
Ametusikia. "Shikamoo, babu."
Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?
"Mbwera. Deltani, Rufiji."
Mbwera! Zilikotoka boriti za baba,
zilizonunua viatu vyangu vya skuli.
Nikamuuliza, hapa pazuri?
Akatazama ukuta, akatazama kamera,
akashusha sauti:
"Chumba changu kiko nyuma, dirisha dogo.
Maji yakikupwa, inaingia harufu ya matope.
Mama mwenye nyumba hupulizia manukato.
Mimi nangoja alale, nafungua tena."

Kisha akaitwa jina, si jina lake nadhani,
na geti likajifunga taratibu, lenyewe, bila mkono.

Taa ya kijani, Mayya. Wanatupigia honi.
Nenda. Pitia kwa yule muuza halua,
tununue nusu kilo ya zafarani,
na usimwambie bibi yako tumepita huku.